Naishi ndani ya mashua ya matanga ya futi 26, mwaka wa nne sasa: gharama, makosa na hali halisi

Mleta uzi

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni.

Kila nikipiga simu nyumbani Pangani naulizwa swali lile lile: "Hivi kweli unalala majini?" Kweli. Nalala, napika na kuswali ndani ya mashua ya matanga kwenye mto Blackwater, Essex, mashariki ya Uingereza. Sikuja huku na pesa. Kazi yangu ni zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naandika kwa sababu wengi wenye ndoto hii wanadhani ni ya matajiri tu, na wengine wanadhani ni njia nyepesi ya kukwepa kodi ya chumba. Kote kuwili si hivyo, na nitawapa hesabu zangu zote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi la kupeleka boriti na nazi Unguja. Likizo za shule nilipanda naye, kazi yangu kufua maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kwa kopo la mafuta ya kupikia. Kwa hiyo bahari si kitu nilichokiona kwenye picha. Ila nilipofika huku niliisahau kabisa. Nilipanga chumba, pauni 680 kwa mwezi, umeme mbali, dirisha linatazama ukuta.

Siku moja ya mapumziko nikaenda Maldon, mji mdogo ulio mwisho wa mto. Gatini pale Hythe Quay kumefungwa majahazi ya zamani ya mto Thames, ya mbao, tumbo bapa, ambayo enzi zake yalibeba majani ya farasi na matofali kupeleka London. Maji yalikuwa yamekupwa. Majahazi yamekaa juu ya tope, yamesimama wima, matanga mekundu kama kutu. Mzee mmoja aliyekuwa akiunga kamba akanieleza kwamba rangi ile zamani ilikuwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki na maji ya bahari, ili kitambaa kisioze. Mafuta ya samaki, wakuu! Kwetu hiyo ni sifa, mafuta ya papa aliyokuwa babu akipaka ubavuni mwa chombo, harufu yake haitoki kwenye nguo hata ufue mara tatu. Nilisimama pale mpaka maji yakaanza kujaa. Usiku ule ule nikaanza kutafuta mashua.

Niliyonunua ni Westerly Centaur. Ni mashua ya faibaglasi iliyochorwa na ofisi ya Laurent Giles, ikatengenezwa Uingereza kuanzia 1969 hadi 1980, zaidi ya 2,400. Futi 26, uzito kama tani 3, na ina mikuku miwili badala ya mmoja, yaani yale mapezi mazito ya chini ya tumbo la chombo. Hii mikuku miwili ndiyo siri yake: maji yakipwa haianguki ubavu, inasimama kwa miguu yake kama meza. Maana yake unaweza kuiweka sehemu inayokauka, na sehemu inayokauka ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Kwa nini zinauzwa rahisi? Faibaglasi haiozi kama mbao, kwa hiyo zile za miaka ya 70 bado zipo, lakini waliozinunua wamezeeka. Chombo kikikaa yadi kinamla mwenyewe pesa kila mwezi hata kama hakijaguswa. Mtu anafika mahali anataka tu kiondoke. Mimi nilitoa pauni 3,200.

Na hapo ndipo nilipokosea. Sikuita mkaguzi wa vyombo. Muuzaji aliniambia mikuku "ilishashughulikiwa", nami nikaona pesa ya mkaguzi ni bora ninunulie betri. Ilipoinuliwa na krini mara ya kwanza, nikasimama chini yake nikaona ufa umezunguka pale mkuku wa kushoto unapoungana na tumbo. Nikausukuma ule mkuku kwa bega, ukacheza. Huo ndio ugonjwa unaojulikana wa mashua hizi: mikuku imetanuka nje, kila ikikaa chini inasukumwa pembeni, na miaka 40 ya kukaa chini ni mingi. Yeyote anayetafuta Centaur aanze kutazama hapo kabla hajatazama godoro wala jiko.

Naendelea chini, nataka kwanza nijibu simu ya kazini.

Mtu_wa_Kigoma

Mkuu naweka kambi hapa. Mimi nimekulia ziwani, mitumbwi na maboti ya injini nayajua, ila kulala ndani miaka minne! Tupe hesabu. Na baridi je?

Mleta uzi

Tuko pamoja mkuu. Hesabu zinakuja, ngoja nimalize la mkuku.

Fundi alitaka pesa nyingi kuliko bei ya mashua yenyewe. Nilikaa siku mbili sijui nifanye nini. Yule mzee wa kamba akaniambia, kazi hii unaiweza, ila utaifanya kwa utaratibu nitakaokuambia. Nikaivua sakafu yote ya ndani. Nikasugua kwa mashine tumbo la ndani juu ya mikuku mpaka faibaglasi safi ikaonekana, vumbi lake linawasha ngozi siku tatu. Nikafuta kwa asetoni. Halafu nikalaza kitambaa cha kioo na resini, tabaka juu ya tabaka, kila moja pana kidogo kuliko la chini yake, na mataruma mapya, yaani mbavu za chombo, yanayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Ilikuwa Machi, na resini haikauki vizuri kwenye baridi, basi nilitandaza turubai juu, nikaweka hita ndani, nikalala humo humo kuilinda. Ilinichukua wiki saba, nikifanya kazi mchana baada ya zamu ya usiku. Na miezi minne nililipa kodi ya chumba na yadi kwa pamoja.

Sasa hesabu. Mashua 3,200. Vifaa vya mkuku pamoja na krini na kukaa nchi kavu 1,900. Nyaya za mlingoti 850, maana zilikuwa na zaidi ya miaka 20, na watu wa bima huku wengi wanataka zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hivi. Betri, paneli ya sola na hita ya dizeli 780. Vitu vidogo sikuviandika vizuri, ila havipungui 600: bomba, valvu, boliti za chuma kisichoshika kutu, rangi. Jumla 7,300 na kitu kabla sijalala usiku mmoja majini. Ukijumlisha na mahali pa kuegesha, mwaka wa kwanza nilitumia pesa nyingi kuliko mpangaji wa chumba. Nataka mtu aisome sentensi hiyo mara mbili.

Sasa hivi kwa mwezi: gati la tope 260, na yadi wananipokelea barua. Bima, ukigawa mwaka, kama 12. Gesi na dizeli wastani wa 50, kipupwe zaidi, kiangazi karibu hakuna. Kupandisha chombo na kupaka rangi ya chini mara moja kwa mwaka, weka 50 kila mwezi. Na 80 naweka pembeni siigusi, kwa ajili ya litakaloharibika. Karibu 450. Nafuu inaonekana kuanzia mwaka wa pili, na inaonekana kwa sababu moja: kazi nafanya mwenyewe. Siku nitakapoanza kumwita fundi kwa kila kitu, chumba kitakuwa rahisi.

Ndugu zangu mlioko Ulaya, kitu kingine. Sehemu nyingi za kuegesha huku haziruhusu kuishi ndani. Zinakuruhusu kulala siku mbili tatu, basi. Tafuta kwanza mahali panapokubali uishi, kwa maandishi, ndipo utafute mashua. Mimi nilikwenda kinyume, nikahangaika.

Baridi. Mtu wa Kigoma, baridi yenyewe ina dawa. Shida ni unyevu. Pumzi yako usiku inagonga ukuta wa faibaglasi ulio baridi, inageuka maji. Desemba ya kwanza niliamshwa na tone usoni, kisha lingine, nikawasha taa nikaona dari yote imejaa jasho, na chini ya godoro kumelowa. Nikabandika povu nyuma ya mbao zote, nikainua godoro kwa vipande vya mbao ili hewa ipite, na kila asubuhi nafuta madirisha kwa kitambaa na kukikamua nje. Sola mwezi huo haina msaada, mwanga wenyewe haufiki muda wa saa 8 kwa siku, kwa hiyo nachomeka umeme wa gatini.

Na tafadhali, hili si la gharama, ni la uhai. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka, inashuka ngamani na kukusubiri uwashe kiberiti. Mtungi wangu uko kwenye sanduku lenye tundu la kutolea nje, na kila nikimaliza kupika naufunga kwenye mtungi wenyewe. Vilevile hewa ya sumu ya jiko na hita, haina harufu wala rangi. King'ora chake ni cha bei ndogo. Mashua isiyo nacho silali ndani yake, hata ya rafiki.

Baharia_Mstaafu

Kijana wangu, umenikumbusha mbali. Mimi nimefanya meli za mizigo miaka 31, nimestaafu niko Tanga. Swali langu: unatembea nayo, au ni nyumba tu iliyofungwa kamba? Chombo kisichotembea kinakufa.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Natembea nayo. Kuanzia Mei hadi Septemba, kila nikipata siku tatu za mapumziko nafungua kamba.

Nikueleze siku moja. Kiangazi cha pili nilikuwa natoka mto Crouch narudi Blackwater. Nje pale pamejaa mafungu ya mchanga: Buxey, Gunfleet, Foulness. Nilichelewa kutoka, nikataka kufupisha njia karibu na Buxey wakati maji yanapwa. Upepo ulikuwa mwepesi, wa nyuma. Kipima kina kikasoma mita 2, halafu 1.4, nikasukuma usukani nigeuze kwenda joshi, upande upepo unakotoka, mikuku ikagusa. Ikagusa tena, ikatulia. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimepwelewa, na baada ya saa moja hakukuwa na maji yanayofika magotini.

Nikawaarifu walinzi wa pwani kwa redio kwamba niko salama, sihitaji msaada, nasubiri maji. Halafu nikafanya alichokuwa akifanya babu kwenye mafungu ya mdomo wa Pangani: nikashuka, nikaibeba nanga begani, nikaenda nayo upande wa kilindi urefu wote wa mnyororo, nikaichimbia mchangani, ili maji yakirudi chombo kivutwe kutoka na kisisukumwe ndani zaidi. Kisha nikazunguka nikachuchumaa chini ya mkuku wa kushoto na tochi. Nilipapasa ile sehemu niliyoijenga, kidole kwa kidole. Pakavu. Hakuna ufa hata wa unywele. Tani 3 zimesimama juu ya kazi ya mikono yangu, katikati ya bahari, na sili wawili wananitazama kutoka ukingoni mwa fungu.

Nilisubiri kama saa sita. Jua lilizama, maji yakaja kwa sauti ya karatasi inayokunjwa, yakapanda, na ikafika dakika ile unayoijua wewe mzee, chombo kinapojinyanyua na kugonga chini kidogo kidogo kabla hakijaelea. Upepo ungekuwa mkali, kugonga huko ndiko kunakovunja vyombo. Ulikuwa mwepesi. Nilivuta nanga nikaondoka.

Tangu siku hiyo nina bildi ya kamba, ya kupimia kina, kwenye ndoano karibu na usukani, na sikatizi mafungu maji yakipwa. Nikikatiza, nakatiza yakijaa.

Baharia_Mstaafu

Marahaba. Ungekatiza maji yakijaa ungeelea baada ya dakika tano. Babu yako alikufunza kubeba nanga, hilo nalo alikufunza, ukalisahau. Allah akulinde.

DadaWaKilifi

Kaka, uzi mzuri mno. Niongeze ya huku, maana watu watadhani mpaka uende Ulaya.

Kriki ya Kilifi ina mashua za matanga zimetia nanga mwaka mzima, nyingi za wageni waliozunguka dunia. Ndani ni shwari hata kusi ikivuma kule nje. Mimi na mume wangu tunakaa kwenye yetu futi 30 tangu mtoto alipoanza shule, yeye anashuka kwa kihori kila asubuhi na begi lake. Hatujui unyevu wa baridi, lakini tuna jua. Jua linakula kamba, linakula uzi wa tanga, linapasua kila kitu cha plastiki. Turubai la kivuli juu ya sitaha ni la lazima kama choo. Na chini ya chombo huku kunaota haraka: miezi miwili usipopiga mbizi kusugua, unabeba bustani. Mende wakiingia mara moja kwenye maboksi ya sokoni, umekwisha. Sisi boksi haliingii ndani, tunamimina vitu kwenye vikapu gatini.

Kwa anayetaka kununua ya mgeni anayeondoka: bei inaweza kuwa nzuri sana, lakini muulize kwanza kama ushuru wa forodha ulilipwa, na akuonyeshe karatasi. Nyingi ziliingia kama vyombo vya wasafiri. Usije ukanunua deni. Leseni ni Kenya Maritime Authority, kwa wenzetu Tanzania nadhani ni TASAC. Resini nzuri na vifaa vya chuma ni ghali hapa kuliko kwa kaka, ila mafundi wa mbao tunao, na kupwa kwa bamvua, maji yanapopungua kupita kawaida, ni bure: unaiegemeza ufukweni kwa magogo ya mikoko, unasugua na kupaka rangi kabla maji hayajarudi.

Mleta uzi

Dada, ahsante sana, hii ndiyo sehemu nisiyoweza kuieleza. Ni kweli, TASAC kwa bara, Zanzibar wana mamlaka yao. Na la kuegemeza wakati wa bamvua nalifanya hata huku, bila magogo, mikuku inatosha.

Mtu_wa_Kigoma

Mkuu, maswali matatu. Choo. Ibada. Na futi 26 si kama kuishi kwenye kabati? Kwa nini usingechukua kubwa kidogo?

Mleta uzi

Choo: niling'oa kile cha pampu kilichokuwepo. Valvu zake mbili za kwenye tumbo zilikuwa zimeoza, nikaona ni bora nizibe matundu yale moja kwa moja. Tundu lisilokuwepo halizamishi chombo. Natumia choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, na yadi ina vyoo na bafu ndani ya 260 zile.

Ibada: nikiwa gatini chombo hakigeuki, kibla nimekiwekea alama ya penseli kwenye mbao, kutoka huku ni kama nyuzi 119, kati ya mashariki na kusini. Nikiwa nimetia nanga chombo kinageuka na mkondo, basi natazama dira kwanza, naanza nimeelekea. Dari iko chini, nasimama sawasawa sehemu moja tu, chini ya mlango. Ndipo pahala pangu pa kuswalia.

Ukubwa: hili ndilo ningependa kila mwenye ndoto alielewe. Gharama ya chombo haipandi kwa urefu tu. Futi 36 si theluthi moja zaidi ya 26. Uzito unazidi mara mbili na zaidi, na tanga, nanga, kamba, rangi, injini, vyote vinafuata uzito. Gati tu ndilo unalilipia kwa mita. Tanga langu kubwa nalishusha peke yangu kwa mkono, nanga nilibeba begani, kama mlivyosikia. Ya futi 36 nisingeibeba. Lin Pardey, Mmarekani, na mumewe Larry, Mkanada, walijijengea mashua ya futi 24 na kitu, Seraffyn, wakaishusha majini 1968 huko California, haina injini kabisa, wakazunguka nayo dunia kwa miaka 11 wakifanya kazi njiani za kutengeneza vyombo vya watu. Walikuwa na ufundi mikononi na chombo wanachokimudu. Mimi sijafika popote karibu na hapo. Ila kila nikitamani kubwa zaidi nakumbuka hesabu ya 80 kwa mwezi ingekuwa ngapi.

Ninachokikosa ni mtu wa kula naye. Mwaka wa kwanza nilidhani upweke ni wa ughaibuni, ungekuwa vilevile chumbani. Siyo. Usiku wa Januari, jirani wa karibu yuko hatua mia, tope kati yenu, ubao wa kupitia una barafu. Ukiteleza ukatumbukia peke yako, maji ya nyuzi 6 au 7 hayakupi muda. Nina ngazi ya kamba inayoning'inia mpaka majini usiku na mchana, na navaa jaketi la kuokolea hata kwenda kutupa taka. Kila ijumaa nikiwa sina zamu napika pilau, namwita yule mzee wa kamba. Anakula kwa mkono sasa.

Mtu_wa_Kigoma

Shukrani mkuu. Mimi mwezi wa tano nina safari ya kikazi London, wiki mbili. Naweza kuja kuiona?

Mleta uzi

Karibu sana, ndugu yangu. Mwezi wa tano itakuwa juu ya nchi kavu, napaka rangi ya chini na kubadilisha bomba la maji ya kupozea injini. Njoo na nguo za kazi na viatu usivyovionea huruma. Treni ya kutoka Liverpool Street mpaka Chelmsford, halafu basi. Nitumie ujumbe siku tatu kabla nitazame jedwali la maji kujaa, kwa sababu nikiwa nimeishaishusha, ubao wa kupandia unafikika vizuri maji yakiwa nusu.

Nitaendelea na sehemu ya injini jumapili nikitoka zamu.